Zawadi Hurudi Mara Mbili

Jumamosi, 26 Aprili

Wageni wamehamia! Nyumba ya pembeni, ile iliyokaa wazi tangu Mzee Ikegaya afariki. Mume, mke, na katoto ka kike kanakotembea kama bata. Wametoka Nepali. Mume anaitwa Dipendra, yuko kiwanda cha vipuri vya magari. Mke anaitwa Rekha, anahudumia wazee kwenye kituo cha ng'ambo ya mto. Katoto ni Asmi. Nimeyajua yote haya nikiwa nyuma ya pazia, bila kumuuliza mtu. Mke wangu Sumie anasema huko ni kuchungulia. Nimemwambia ni ujirani mwema.

Sasa hesabu. Mtaa wetu wa Sawabata una nyumba saba. Tarehe sita Mei, siku ya mwisho ya mapumziko, tukimaliza usafi tunachagua balozi wa mtaa. Kuramochi wa nyumba ya kushoto amekikalia kiti hicho miaka tisa. Miaka tisa! Kofia ya kijani, filimbi shingoni, ufunguo wa stoo ya mafagio, na kiti cha mbele kabisa kwenye ngoma za kiangazi. Nyumba tatu ni za upande wake, ya kwake ikiwamo. Tatu zitanifuata mimi, yangu ikiwamo. Ya saba ni hii ya wageni.

Mgeni hajui mila. Anayemfundisha mila ndiye anayemshika mkono, na aliyemshika mkono ndiye atakayeuinua siku ya kura. Nimejishangaa kwa akili hii. Nimejimiminia chai ya pili.

Jumapili, 27 Aprili

Wamekuja kujitambulisha. Kwangu kwanza, kwa Kuramochi baadaye! Dalili njema. Bi Rekha alinipa taulo lililofungwa kwa karatasi nzuri, kwa mikono miwili, akasema ni kitu kidogo tu kisicho na maana. Alisema vizuri kama mzaliwa wa hapa. Kisha akaomba, kama kuna desturi za mtaa wasizozijua, tuwaelekeze.

Ndilo neno nililokuwa nalisubiri. Nikakohoa kile kikohozi changu cha enzi za stesheni, nilipokuwa nikitangaza treni imechelewa.

"Bi Rekha," nikamwambia, "hapa kwetu zawadi hairudi peke yake. Hurudi mara mbili."

Kila mtu hapa anajua zawadi hurudishwa kwa nusu yake. Lakini mgeni atajuaje? Nilipiga hesabu: nikiwapa kimoja, vinarudi viwili. Nitakuwa mwalimu na ghala litajaa.

Bi Rekha akainama. "Asante sana, Mwalimu. Basi tutasubiri."

Sikuelewa wanasubiri nini. Nyuma ya mlango Sumie alikuwa anakohoa kama aliyepaliwa na tambi. Walipoondoka akanieleza. Taulo. Wao ndio wametangulia kutoa. Kwa hiyo mwenye zamu ya kurudisha mara mbili ni mimi.

Si neno. Ameniita Mwalimu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepeleka pakiti mbili za biskuti za mchele. Kuramochi alikuwa anamwagilia maua yake, akaniuliza kama nimeajiriwa kusambaza mizigo. Nikamjibu kwamba mambo ya utamaduni yamempita. Akakubali kabisa. Akasema yeye anajua mambo ya magugu tu, na upande wangu wa mtaro yamefika magotini.

Mchokozi! Anaogopa. Ameona nilivyoingia kwa wageni mapema.

Jumanne, 29 Aprili

Siku ya Showa, ya kukumbuka enzi za mfalme wa zamani. Sikukuu ya kwanza kati ya zile za kufuatana. Nikatundika bendera langoni na kusimama kando yake kidogo, ili nionekane.

Bi Rekha akapita, akauliza kama leo gari la taka linakuja. Nikamwambia haiwezekani! Sikukuu ni sikukuu, hata taka hupumzika. Akashukuru akaenda. Muda si muda nasikia ule wimbo wa gari kwenye kona. Kutazama, mifuko ya nyumba zote imeshapangwa chini ya wavu wa kuzuia kunguru, ya wageni ikiwamo. Kuramochi alikuwa amemwambia tangu jana kwamba gari huja, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Kati ya nyumba saba, mtu mmoja tu alikimbiza gari la taka akiwa na nguo za kulalia, mfuko mkononi, huku bendera ikimpungia nyuma.

Nililikamata darajani. Dereva alinisifu kwa mbio zangu. Alisema kwa umri wangu si haba.

Jioni Bi Rekha akaleta achari ya nyanya na pilipili. Mitungi minne. Mimi niliwapa pakiti mbili, kwa hiyo minne. Hajakosea. Mwanafunzi mzuri mno huyu! Achari yenyewe inawasha masikio. Sumie amemaliza robo ya mtungi akiwa amesimama. Mimi nimebaki na kazi ya kutafuta vitu vinane.

Jumatano, 30 Aprili

Machipukizi ya mianzi! Ya bure, yamejaa kwenye mlima wa binamu yangu, na ndio msimu wake. Nimechimba manane tangu alfajiri. La tano lilinivuta mimi badala ya mimi kulivuta. Kiuno sasa kinatoa sauti ya mlango mkuukuu.

Bi Rekha yuko nyumbani leo. Akanikaribisha ndani, akanipa chai yenye maziwa na tangawizi. Tamu! Vikombe vitatu. Nikaona nafasi ya kufundisha. Viatu huvuliwa mlangoni, ncha zielekee nje. Ndara za ndani hazikanyagi mkeka. Na msalani kuna ndara zake peke yake, zisizotoka humo asilani. Atokaye nazo hupata aibu ya ukoo mzima.

Chai ikafanya kazi yake. Nikaomba udhuru, nikaenda, nikarudi, nikaendelea na somo. Nimesimama katikati ya mkeka, mkono hewani, naeleza usafi wa wahenga. Asmi akaninyooshea kidole miguuni na kucheka hadi akakaa chini. Bi Rekha alikuwa anatazama dari kwa bidii. Nikatazama chini. Ndara za waridi, zenye picha ya sungura. Za msalani.

Na nani amesimama mlangoni na tangazo la usafi wa mtaa? Kuramochi, na kofia yake.

"Kumbe somo ni la vitendo!" akasema. "Endelea, Mwalimu, hata mimi nanufaika."

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Sumie alikuwa ameshapata habari. Sijui zilipitia wapi.

Ijumaa, 2 Mei

Momo! Vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, vya kupika kwa mvuke. Bi Rekha ameleta kumi na sita, ukumbini bado vinatoa moshi. Sijawahi kula kitu kama hiki. Nimekula tisa. Sumie anadai ni kumi na viwili, lakini yeye ndiye aliyekuwa anahesabu vyake na vyangu pamoja.

Dipendra alipita kuchukua sahani. Mtu wa maneno machache. Alisema kwamba mkewe anafurahi sana kupata jirani anayejua mila kwa kina hivi. Nikamwambia tutafika mbali. Kisha nikakumbuka kwamba zamu ni yangu, na hesabu imefika thelathini na mbili.

Thelathini na mbili ya nini, jamani?

Kohei amepiga simu kutoka Osaka. Mwanetu wa pekee. Mwaka huu tena haji. Kazi. Sumie akasema haidhuru, ajitunze, ale mboga. Alipokata simu akaenda kupanga kabati ambalo lilikuwa limeshapangwa.

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya Katiba. Nimeamka na wazo la kisheria.

Nikaenda kwa Bi Rekha, nikamweleza kwamba mila nayo ni kama katiba. Watu wakikaa wakaona inawaelemea, huirekebisha. Na mimi, kama mwalimu, nilikuwa naona kwamba tangu leo zawadi irudi moja kwa moja, au hata isirudi.

Akanisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema, "Lakini Mwalimu, kituoni wazee wananiambia katiba ya hapa tangu iandikwe haijabadilishwa hata nukta. Sasa mila ya mababu, mimi mgeni nitaanzaje kuivunja?"

Wazee wa kituo hicho wanaongea sana.

Nikaenda sokoni kwa baiskeli kununua mayai. Trei moja na mawili ya ziada. Nimeyabeba kama vile namrudisha mtoto mchanga kutoka hospitali. Nimefika mlangoni kwake salama, nikashuka, nikayakabidhi. Akainama. Nikainama. Akainama zaidi, nami siwezi kushindwa kuinama na mwanafunzi wangu, nikainama mpaka kiuno kikalia, na baiskeli niliyokuwa nimeiegemeza pajani ikaanguka juu ya maua ya Kuramochi.

Kuramochi hakukasirika! Hilo ndilo linalonitisha. Alicheka akasema maua huota tena, akaniuliza kama nimeshajiandaa kwa tarehe sita. Nikamwambia yeye ndiye ajiandae. Akajibu kwamba yeye amejiandaa miaka tisa.

Maneno ya mtu aliyekata tamaa.

Jumapili, 4 Mei

Siku ya Kijani, sikukuu ya miti na mimea. Jua zuri, upepo kidogo. Nilikuwa nimepanga kujificha.

Haikuwezekana. Asubuhi Bi Rekha na mumewe walitoka na masufuria mawili makubwa ya momo. Sitini na nne. Mezani kwangu hazienei. Sumie akasema basi tuzipeleke kwenye kibustani cha mtaa, chini ya miti, na kila nyumba ije. Ikatandikwa mikeka ya plastiki. Viatu vikapangwa kwenye nyasi, ncha zikielekea nje, na kwa hilo niliona matunda ya kazi yangu. Bi Ushioda, mjane wa nyumba ya mwisho ambaye huwa hatoki, alitoka, na akala saba. Kuramochi alileta pombe ya mchele iliyopozwa. Mkewe alileta wali wa machipukizi ya mianzi. Ladha yake niliitambua: machipukizi yangu! Bi Rekha alikuwa ameyagawa mtaa mzima.

Nilikaa pale nikiwa nimeshiba, Asmi amelala akiegemea goti langu kama vile goti ni mali ya mtaa, nikaona kwamba maisha si mabaya. Mpaka Kuramochi alipoinua kikombe chake.

"Sasa Hirabayashi, zamu yako. Sitini na nne mara mbili?"

Mtaa mzima ukanigeukia. Bi Ushioda, ambaye hasikii vizuri, alisikia hilo.

"Mia na ishirini na nane," akasema kwa sauti.

"Mtaona kesho," nikawaambia. Nami sikujua wataona nini.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya Watoto. Paa za mbali zote zina samaki wa kitambaa wa kuwaombea watoto heri, vinywa wazi, upepo unaingia wananenepa na kuogelea angani. Kwa Kuramochi wako watatu wa mjukuu wake, wakubwa kama mitumbwi. Mimi nimekaa ukumbini nafikiria vitu mia na ishirini na nane. Mbegu za alizeti? Vijiti vya kulia? Nilianza kuhesabu vijiti vya meno, Sumie akanipokonya kikopo.

Kisha akapanda kwenye stuli, akafungua kabati lile la juu, akashusha sanduku. Samaki wa Kohei. Mweusi wa baba, mwekundu wa mama, wa buluu wa mtoto. Hawajapanda angani tangu Kohei alipomaliza shule ya msingi. Kila mwaka Sumie husema tuwatoe kwa mtu, na kila mwaka mimi husema Kohei ataoa, atazaa, tutawahitaji. Leo aliwatandaza mkekani, akawanyoosha mikunjo kwa kiganja, mapezi kwanza, kisha mikia.

"Hawa hawahesabiki, Baba Kohei," akasema. "Nani atasema ni wangapi?"

Ni watatu. Lakini nilimwelewa.

Nikawabeba kwa mikono miwili. Bi Rekha alipofungua mlango nikasema ni kitu kidogo tu kisicho na maana, nikakohoa. Vumbi la sanduku. Yeye akawatazama, akamwita Dipendra, na Dipendra, bwana wa maneno machache, akasema maneno mengi sana kwa lugha ya kwao na kunishika mikono.

Samaki bila mlingoti ni nguo za kuanika tu. Mlingoti wetu nilishaukata nikafanya kichanja cha matango. Mwenye mlingoti wa akiba mtaani ni mmoja. Nilisimama mbele ya lango la Kuramochi kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Akatoka mwenyewe, ameshaubeba begani.

"Shika huko mwisho," akasema. "Na usiniangushie baiskeli."

Tukausimamisha pamoja. Tukabishana kuhusu fundo, tukabishana kuhusu upande wa upepo, na nilikuwa sahihi kuhusu upande wa upepo. Mweusi akapanda, mwekundu akafuata, wa buluu akajaa upepo ghafla akapiga mkia kama aliye hai. Asmi akapiga kelele na kukimbia chini yao akizunguka mlingoti. Sumie alikuwa kando yangu. Alipiga picha akamtumia Kohei. Jibu lilirudi palepale: Kohei ameuliza yule wa buluu bado ana kile kiraka alichokishona mama. Bado anacho.

Bi Rekha akaniletea keki ya mchele iliyofungwa kwa jani la mwaloni. Nikamfundisha kwamba jani haliliwi. Nilikuwa nimeshalila langu.

Jumanne, 6 Mei

Siku ya mapumziko ya kufidia sikukuu iliyoangukia Jumapili, na siku ya hukumu!

Tukasafisha mtaro. Nikang'oa magugu ya upande wangu mbele ya macho ya wote. Kisha tukakusanyika mbele ya stoo. Kuramochi akavua kofia, akasema muda wake umekwisha, anauliza nani anamtaka Hirabayashi Tsunekazu awe balozi.

Mikono ikainuka. Yote! Mkono wa Bi Rekha, mkono wa Bi Ushioda, mikono ya nyumba tatu zinazomfuata Kuramochi. Wa kwanza kabisa kuinuka ulikuwa wa Kuramochi mwenyewe, na aliinua yote miwili. Ushindi wa namna hii haujawahi kuonekana Sawabata! Mpinzani amesalimu amri hadharani!

Akanivisha kofia. Akanivisha filimbi. Akanikabidhi ufunguo, macho yana machozi. Akamgeukia mkewe, akasema, "Twende." Walikuwa na mabegi ndani ya gari. Wanakwenda kwenye chemchemi za maji moto. Kila mwaka, eti, alikuwa anatafuta mtu wa kumpokea kazi hii, na kila mwaka watu wanatazama viatu vyao. Maneno ya kujifariji. Namwonea huruma.

Wakati tunarudisha mafagio, Bi Rekha alinikaribia, akasema kuna jambo linamwelemea. Siku ile ya kwanza, jioni, Sumie alimwambia kwenye uzio kwamba zawadi hurudishwa nusu. Alijua tangu mwanzo! Lakini Sumie alimsihi asiniambie, anataka aone itafika wapi. Halafu Sumie akaonja momo, na akasisitiza zaidi.

"Tusameheane, Mwalimu," akasema. "Kwetu nako sahani ya jirani hairudi tupu. Mimi nilikuwa nafurahi tu unavyokuja."

Nikamwambia hakuna la kusamehe. Nilifikiri kidogo, nikaona: yeye alijua, akaendelea, Sumie alijua, akaendelea, na mwisho wake mtaa mzima umenipigia kura. Kwa hiyo mpango ulikuwa mzuri kuliko nilivyoukadiria mimi mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei

Balozi Hirabayashi. Inasikika vizuri.

Jana nimeamka kabla ya kunguru ili nitandike wavu wa taka. Kunguru walikuwa wameshaamka. Paka wa Bi Ushioda amepotea, nimemtafuta, amepatikana kitandani kwa Bi Ushioda. Taa ya kona haiwaki. Tangazo la kuzungusha nyumba kwa nyumba. Mtaro. Michango ya ngoma. Simu tisa kabla ya chai. Watu wananihitaji! Kuramochi alikuwa anaficha utamu huu wote.

Leo nimepata wazo. Nilikuwa naangalia kalenda ya jikoni ili nijue nitapumzika lini, nikagundua kwamba Juni haina sikukuu hata moja. Mwezi mzima wa mvua, hakuna hata siku nyekundu! Ni pengo kubwa katika utamaduni wetu, na mimi ndiye balozi. Nitaweka Siku ya Kumshukuru Balozi, katikati ya mwezi. Nitamweleza Bi Rekha kwamba ni mila ya tangu enzi za masamurai, ila ilififia. Siku hiyo balozi anakaa kivulini, mtaa unapita mbele yake, na hakuna anayempigia simu.

Sumie akauliza nani atapika. Nikamwambia, kwa mujibu wa wahenga, hupika mke wa balozi.

Hakubishana. Amevaa viatu, ametoka, na kupitia dirishani namwona ameelekea kwa Bi Rekha, anacheka peke yake njia nzima. Nilijua tu. Wazo zuri halihitaji kupigiwa filimbi. Tayari wanalipangia maandalizi.